Nyumba ya Babu, Lushoto (kikundi)

IJUMAA

19:06 Shangazi Mwanaidi: Assalaam aleikum. Hamza kafika Same salama. Kesho ndiyo siku ndefu, Same mpaka Mombo kwa baiskeli, kilomita mia na ushee, peke yake. Naomba tupange SASA HIVI, isiwe kesho keshaingia barabarani ndiyo kila mtu anakumbuka kuuliza. Moja, nani anampokea Mombo. Mbili, spoki za mjomba wake zinamfikiaje. Tatu, mchango wa elfu tano tano, mnatuma kwangu kama kawaida.

19:08 Juma J: Wa aleikum salaam. Ya tatu ndiyo imeandikwa kwa roho 😂

19:34 Mjomba Salimu: Hamza, usiku huu kabla hujalala shika spoki za gurudumu la nyuma mbilimbili, zibane kwa vidole, zungusha mpaka umalize zote. Ukikuta inayolegea kuliko wenzake, kaza nipeli yake, ile nati ndogo kwenye ringi, robo mzunguko, ujaribu tena. Usikaze kwa hasira.

19:36 Mjomba Salimu: Spoki haikatwi na jiwe. Ikilegea inakunjika kidogo kila gurudumu linapozunguka, shingoni pale inapoingia kwenye haba, yaani kitovu cha gurudumu, mpaka chuma kinachoka. Na upande wa gia ndio unaoumia, maana spoki za pale zimesimama karibu wima na zinavutwa zaidi ya za kushoto.

19:37 Shangazi Mwanaidi: Tunashukuru shemeji. Zinamfikiaje?

19:41 Mjomba Salimu: Ziko hapa Korogwe zimefungwa. Tatu za upande wa gia, tatu za kushoto. Nimezifunga na mipira ya rangi mbili kwa sababu za gia ni fupi kwa milimita 2, akizichanganya ringi haitanyooka. Na mbili za dharura, nimekata vichwa nikazikunja ncha kama herufi Z.

19:42 Juma J: Z ya Zuhura? Hajatuma mchango huyo

19:44 Mjomba Salimu: Hiyo ya Z unaipenyeza kwenye tundu la haba bila kufungua friwili, ile seti ya gia za nyuma. Si ya kudumu. Inamfikisha mtu kwa fundi basi.

20:02 Baba Nasra: Nawasalimu wote. Kesho napanda Arusha na lori, nikishapakia. Nitapita Korogwe, nauchukua huo mzigo wa shemeji, na Hamza nitakutana naye uso kwa uso njiani. Hakuna haja ya basi.

20:02 Shangazi Mwanaidi: Alhamdulillah, mbili imekwisha. Moja bado. Shabani wa Mombo yumo humu, namwona anasoma.

20:09 Baba Nasra: Hamza sikiliza njia ilivyo. Mabasi yanayoshuka Dar yanakujia nyuma, mengi asubuhi kati ya saa 2 na saa 4. Hayo utayasikia. Shida ni yanayopanda kutoka Dar, utaanza kuyaona mchana, yanalipita lori upande wako yakija mbele yako. Ukiona taa zimetokeza kwenye njia yako, toka lami palepale, usingoje arudi kwake. Hatarudi.

20:11 Baba Nasra: Na ukishatoka, usirudi lami kwa kuparaza ukingo. Tairi linanasa kwenye ule mwinuko unaangukia ndani ya barabara. Simama, geuza tairi la mbele likatize ukingo, ndiyo upande. Lori kubwa likikupita, upepo wake kwanza unakusukuma nje halafu unakuvuta ndani. Usukani ushike bila kuukaba.

20:15 Shangazi Mwanaidi: Atuandikie kila saa moja yuko wapi.

20:17 Mjomba Salimu: Kila saa ni nyingi. Atasimama mara nane, miguu inapoa na chaji inakwisha. Makanya, Hedaru, Mkomazi, Mazinde, halafu Mombo. Katikati simu izimwe data. Akichelewa kituo kwa saa mbili ndiyo tupige.

20:41 Dada Rehema: Nimetoka zamu sasa hivi. Hamza, maji nusu lita mpaka robo tatu kwa kila saa ya kuendesha. Yasiwe matupu siku nzima. Ukinywa maji matupu mengi huku unatoka jasho, chumvi ya mwili inashuka, kichwa kinauma, unadhani ni kiu unaongeza tena. Kila chupa ya tatu iwe na chumvi na sukari. Lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, umekosea, mwaga.

20:42 Juma J: Aonje machozi ya nani? Ya waliochangia bati?

20:43 Dada Rehema: Juma

20:44 Juma J: Nauliza tu. Hesabu ya bati si ilikuwa isomwe Idi? Zimepita Idi ngapi

20:45 Shangazi Mwanaidi: Daftari lipo, anayetaka aje Tanga alisome. LEO TUNAONGELEA BAISKELI.

20:58 Hamza: Shikamooni wote. Nimebana spoki, mbili zilikuwa zimelegea, zote upande wa gia. Nimekaza. Natoka kesho saa 11 alfajiri.

20:59 Mjomba Salimu: Marahaba. Saa 11 ni giza tupu, jua linatoka saa 12 na nusu. Toka utakapoonekana. Taa ya nyuma inakuonyesha kwa dereva aliye macho, na saa hiyo wengi wameendesha usiku kucha.

21:00 Mjomba Salimu: Mzigo umeupanga vipi?

21:04 Hamza: Mabegi mawili nyuma, hema juu ya karia, maji lita 5, tatu kwenye fremu mbili kwenye begi.

21:06 Mjomba Salimu: Kila kitu kiko nyuma ndiyo maana spoki zinalegea. Hema lipeleke mbele ulifunge kwenye usukani, lisiguse waya wa breki. Spana na tyubu za akiba kwenye begi dogo chini ya fremu. Upepo wa matairi, nyuma psi 65, mbele 55. Ukipunguza zaidi ya hapo na mzigo huo, ukigonga shimo tyubu inabanwa kati ya ringi na tairi inatoboka matundu mawili pamoja kama kaumwa na nyoka.

21:10 Shangazi Mwanaidi: Nina wazo. Mombo mpaka Lushoto si kilomita 33 tu? Akifika Mombo saa 9 si anapanda moja kwa moja? Jumapili tunakula wote kwa Babu, mchele nimeshanunua.

21:13 Mjomba Salimu: Shemeji, kilomita 33 hizo zinapanda karibu mita 1,000. Mtu mwenye mzigo anakwenda kilomita 7 au 8 kwa saa, na kona zile hazina pembeni pa kukaa gari likija. Saa nne na zaidi. Giza linamkuta njia hiyo ya Soni, hajafika Lushoto.

21:14 Shangazi Mwanaidi: Same si iko juu? Atakuwa anateremka siku nzima, atafika hajachoka.

21:17 Mjomba Salimu: Iko juu ya Mombo kwa mita 400 na kitu, lakini zimetandazwa kwenye kilomita mia. Hiyo haihesabiki. Anakwenda kusini mashariki, mwezi wa saba, kusi linampiga usoni. Anachopewa na mteremko upepo unakichukua. Hamza, usipambane nao, shusha gia miguu izunguke haraka, mara 70 mpaka 80 kwa dakika. Ukisukuma gia nzito kwenye upepo unaua magoti.

21:19 Mjomba Salimu: Jambo la mwisho. Ikikatika spoki upande wa gia, nzima haiingii mpaka friwili itoke. Inataka kifungulio chake na spana kubwa. Unacho?

21:22 Hamza: Sina mjomba. Moshi nilipata cha kaseti tu, gia za aina nyingine, hakiingii.

21:23 Mjomba Salimu: Kilikuwepo. Sanduku la marehemu lilikuwa na vifungulio vyote. Anayejua liliko anajua.

21:25 Baba Nasra: Shemeji, tulikuwa tunaongelea barabara.

21:25 Mjomba Salimu: Na mimi naongelea spana. Mtoto yuko Same hana kifungulio, na baba yake alikuwa nacho.

21:26 Juma J: Na mimi naongelea bati 😂

21:26 Shangazi Mwanaidi: JAMANI si humu

21:28 Baba Nasra: Sanduku lina miaka, kila spana ikipotea mnaniangalia mimi.

21:31 Mama Hamza: Ujumbe huu umefutwa

21:52 Zainabu: Babu anasema niandike kama alivyosema nisipunguze. "Salamu zenu nimezipokea. Sanduku la mwanangu nilisema mimi lichukuliwe, siku ya arobaini. Aliyelichukua nilimtuma. Sababu naijua mimi na mama yake Hamza. Sitaki kulisikia tena likitajwa humu. La pili, mtoto atalala Mombo. Soni haipandwi jioni na mtu aliyetoka Same. Bati tutaongea mimi na Mwanaidi."

22:37 Shangazi Mwanaidi: Sawa Baba.

22:38 Dada Rehema: Shikamoo Babu.

22:40 Hamza: Shikamoo Babu. Nitalala Mombo.

JUMAMOSI

06:34 Hamza: Natoka. Nyuma 65, mbele 55. Hema nimelileta mbele.

06:35 Shangazi Mwanaidi: Bismillah. Shabani?

08:27 Hamza: Makanya. Pancha ya nyuma, mbigili. Nimeziba.

08:29 Mjomba Salimu: Ndani ya tairi umepitisha kitu? Usipitishe kidole, utachomwa. Pitisha kitambaa, kinaponasa ndipo penye mwiba.

08:40 Hamza: Kimenasa sehemu mbili. Nimetoa.

08:42 Mjomba Salimu: Zingetoboa kabla ya Hedaru ukasema kiraka kibovu. Ukisimama usiburute baiskeli pembeni mwa lami, ibebe mpaka kivulini. Mbigili inakaa palepale kwenye mchanga wa ukingo. Na kila ukiondoka zungusha matairi yote mawili uyapanguse kwa glavu. Mwiba ulioukuta juu juu unatoka na hewa inabaki, ukiuacha uzunguke kilomita moja umeingia.

08:44 Mjomba Salimu: Solusheni uliiacha ikauke?

08:45 Hamza: Kama dakika mbili.

08:46 Mjomba Salimu: Tano. Msasa kwanza mpaka mpira upoteze mng'ao, solusheni nyembamba ipite ukubwa wa kiraka, ngoja isinate kidoleni, ndiyo ubandike na kuminya kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukibandika mbichi, joto la lami la mchana litakibandua. Hiyo tyubu ibadilishe Hedaru ukapumzike nayo vizuri.

08:51 Juma J: Solusheni inangojewa dakika tano. Shabani tunamngoja tangu jana

09:58 Hamza: Hedaru. Tyubu nimebadili. Upepo umeanza.

10:03 Dada Rehema: Mkojo una rangi gani?

10:04 Juma J: Eeh bwana

10:04 Juma J: Kikundi cha ukoo hiki

10:06 Dada Rehema: Ukiwa kama maji ya ndimu endelea. Ukiwa kama chai ya rangi, kaa kivulini unywe chupa ya chumvi na sukari polepole, nusu saa, kabla hujapanda tena.

10:07 Juma J: Ya rangi yenye tangawizi au isiyo na tangawizi 😂

10:09 Shangazi Mwanaidi: Juma nitakutoa humu. Hamza jibu.

10:15 Hamza: Ndimu.

10:18 Mama Nasra: Nimetuma elfu tano.

10:18 Shangazi Mwanaidi: Imefika, Mungu akubariki. Wengine?

12:11 Hamza: Mkomazi. Spoki imekatika, upande wa gia, shingoni. Ringi inayumba, inagusa breki kila mzunguko.

12:12 Shangazi Mwanaidi: PANDA BASI

12:12 Shangazi Mwanaidi: Hamza panda basi baiskeli iwekwe juu

12:14 Mjomba Salimu: Hapana, ngoja. Moja tu?

12:15 Hamza: Moja.

12:19 Mjomba Salimu: Zimebaki 35, gurudumu linakwenda. Geuza baiskeli chini juu, shusha mzigo kwanza. Hiyo iliyokatika izungushie kwenye jirani yake au uifungue kwenye nipeli uitoe, isipige fremu. Ringi imevutwa kushoto kwa sababu upande wa gia umepoteza mmoja. Legeza spoki mbili za kushoto zilizo karibu na pengo, nusu mzunguko kila moja. Halafu zile mbili za gia zilizopakana na pengo kaza robo. Zungusha, tazama kwenye mpira wa breki.

12:20 Mjomba Salimu: Usitafute inyooke kabisa. Ukikaza sana hizo mbili nazo zitakatika, utakuwa na pengo la tatu. Ikibaki kugusa kidogo, legeza waya wa breki ya nyuma, utumie ya mbele taratibu. Njia ya mbele yako tambarare, inatosha.

12:21 Shangazi Mwanaidi: Baba Nasra uko wapi na spoki?

12:48 Hamza: Inapita. Breki ya nyuma nimelegeza.

12:50 Mjomba Salimu: Vizuri. Maji yahamishe yote kwenye fremu. Kwenye matuta simama juu ya pedali, makalio yaache siti, magoti yabebe pigo.

13:10 Mama Hamza: Hamza umekula?

13:14 Hamza: Wali maharage mama. Nalala kidogo nyuma ya kibanda, upepo ni mkali. Chaji 19.

13:15 Dada Rehema: Lala mpaka saa 8. Mikono ina ganzi?

13:16 Hamza: Vidole viwili vya mwisho, wa kushoto.

13:18 Dada Rehema: Unaegemea kiganja kwa nje, mshipa wa fahamu unabanwa. Badilisha mshiko kila dakika kumi, viwiko vikunje. Isipoisha ikifika kesho asubuhi niambie.

14:06 Hamza: Naondoka.

15:47 Baba Nasra: Niko Same, sasa ndiyo nimesimama. Kupakia kulichelewa, Korogwe nimetoka saa 6. Hamza nimemtafuta kwa macho njia nzima, sikumwona. Hedaru wameniambia kapita zamani. Mzigo nimemwachia mama ntilie pale Hedaru, kibanda chenye turubai la bluu, mkono wa kushoto ukielekea Same. Nimemlipa soda.

15:48 Shangazi Mwanaidi: HEDARU? Mtoto yuko mbele huko, spoki umeziacha nyuma yake!

15:49 Juma J: Alikuwa kalala nyuma ya kibanda Mkomazi wakati lori linapita. Hii ni filamu

15:50 Baba Nasra: Ningezibeba mpaka Arusha ingekuwa afadhali?

15:52 Mjomba Salimu: Basi lolote linaloshuka kesho asubuhi linaweza kuziokota. Konda apigiwe.

15:53 Shangazi Mwanaidi: Konda gani? Apigiwe na nani? Namba ya mama ntilie ipo?

15:55 Baba Nasra: Sikuchukua.

16:02 Baba Nasra: Na kifungulio cha friwili kimo humo ndani. Nimekiviringishia gazeti.

16:02 Juma J: 👀

16:09 Mjomba Salimu: Kifungulio kipi?

16:31 Hamza: Mazinde. Mkonge pande zote, upepo umepungua kidogo. Chaji 8.

16:32 Shangazi Mwanaidi: Spoki ziko Hedaru. Ukifika Mombo usiondoke mpaka tuelewane. Shabani atakupokea stendi.

16:33 Juma J: Shabani kasema?

16:33 Shangazi Mwanaidi: Atasema.

17:19 Hamza: Mombo. Bado moja tu iliyokatika, jirani zake zimeshika. Niko stendi, hakuna mtu.

17:21 Mjomba Salimu: Gurudumu hilo usilipandishe Soni. Kupanda ndiko kunakovuta upande wa gia kuliko kote, na kurudi na breki moja ya mbele kilomita 33 za kona ni kutafuta kaburi. Kesho zikifika fungua friwili, weka mpya, mimi nitakuelekeza kwa simu. Au shuka Korogwe nikufanyie mwenyewe.

17:22 Shangazi Mwanaidi: Korogwe ni mbali na Lushoto, na mchele? Apande daladala Lushoto leo, baiskeli ibaki Mombo.

17:23 Mjomba Salimu: Ibaki kwa nani?

17:25 Shangazi Mwanaidi: Kwa Shabani

17:40 Mama Hamza: Baba Nasra, ahsante.

17:44 Shangazi Mwanaidi: Ahsante ya nini? Hamza uko hewani? Umesikia, daladala au unalala?

18:05 Shangazi Mwanaidi: Hamza?

18:20 Zainabu: Babu anauliza mtoto kalala wapi.

18:58 Shabani Mombo: Samahanini, simu ilikuwa kwa watoto. Nimeona sasa hivi. Yuko upande gani wa stendi?

19:31 Ally Muscat: Salaam wote, kazi nyingi. Nimesoma toka juu. Kwa nini mlimwacha atoke saa 11, si jua kali tayari? Elfu tano natuma kwa nani?